Mguu Uliosimama

Jioni ya kwanza niliposhika ufito nilikuwa na umri wa miaka 36. Tulikuwa watu wazima tisa katika ukumbi wa kukodi jijini Nairobi, ghorofa ya pili, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na harufu ya rangi ilipanda ngazi ikatufuata hadi ndani. Mwalimu alitupanga kando ya ukuta, akatuambia tuweke mkono wa kushoto juu ya ufito, tutelezeshe mguu wa kulia mbele mpaka ncha ya kidole, kisha tuurudishe. Nilikuwa nimejiandaa. Wiki mbili nzima nilikuwa nimeuzoeza mguu huo wa kulia nyumbani, mbele ya kioo cha kabati. Nikaunyoosha, nikauona umenyooka, nikangoja sifa.

Mwalimu hakuutazama. Alichuchumaa nyuma yangu, akaweka vidole viwili juu ya kisigino changu cha kushoto, akasema, "Dada, huu umelala. Uamshe huu kwanza."

Nilidhani sikumsikia vizuri. Mguu wa kushoto haukuwa na kazi yoyote, ulikuwa umesimama tu. Lakini nilipoinamisha macho niliona alichokiona yeye. Goti lilikuwa limelegea, unyayo umelalia ndani, vidole vimejikunja kama vinavyong'ang'ania tawi, na nyonga imesukumwa nje kama ya mtu aliyechoka kungoja matatu kituoni. Kile nilichokuwa nakionea fahari upande wa kulia kilikuwa kimejengwa juu ya nyumba isiyo na msingi.

Macho ya binadamu hufuata kinachotembea, ndiyo maana anayeanza baleti huutazama mguu unaokwenda na kurudi, na watazamaji ukumbini hufanya vivyo hivyo. Mwalimu hutazama ule mwingine. Katika lugha ya darasani mmoja huitwa mguu wa kazi, na wa pili mguu wa kusimamia, na majina hayo humpotosha mgeni akadhani wa pili umepumzika. Baada ya miaka minane ya kushika ufito nina hakika ya jambo moja, nalo ndilo sura hii inalolisema: mazoezi ya ufito ni shule ya mguu wa kusimamia. Mguu wa kazi ni mtahini wake.

Ufito wenyewe hauna siri. Ni mti wa mviringo, siku hizi mara nyingine bomba la chuma, uliofungwa ukutani kwa urefu wa mita 1 hivi kutoka sakafuni. Palipo na watoto na watu wazima hufungwa fito mbili, moja chini ya nyingine. Istilahi za baleti ni za Kifaransa, kwa kuwa sanaa hii ilipangiwa kanuni zake Paris, alikoanzisha Mfalme Louis wa 14 chuo cha kifalme cha densi mwaka 1661, na kwa Kifaransa jina la kifaa hiki halina maana zaidi ya ufito. Hakikukusudiwa kumbeba mtu. Carlo Blasis, Mwitaliano aliyechapisha mwaka 1820 kitabu kilichoathiri sana ufundishaji wa baleti, alielekeza mwanafunzi ashike kitu imara mwanzoni, kisha, akishazoea, ayarudie mazoezi yaleyale bila kushika chochote.

Somo hilo nilikuwa nimelipata mahali pengine kabisa. Nikiwa na miaka tisa, nyanya yangu kule Kwale alinifundisha kujitwika ndoo ya maji. Kwanza kata: leso kuukuu ilisokotwa ikawekwa utosini. Halafu ndoo. Niliikamata kwa mikono yote miwili, na kila hatua maji yakanimwagikia mabegani, kwa sababu mikono iliyokaza ilikuwa inaisukuma ndoo kila nilipoyumba. Nyanya akaniondoa mkono mmoja. Siku nyingine akaanza kuniondoa vidole vya mkono uliobaki, kimoja kimoja, hadi vikasalia viwili vinavyogusa ukingo. Vidole vile havikuizuia ndoo isianguke. Vilikuwa vinaniletea habari: imeinamia huku, shingo irudi kule. Kilichobeba maji ni uti wa mgongo na miguu.

Mkono juu ya ufito ni wa kuletewa habari hivyohivyo. Uweke mbele kidogo ya mwili, si ubavuni sawasawa wala nyuma, kiwiko kikiwa kimelegea na kimeshuka chini ya bega. Kidole gumba kilale juu pamoja na wenzake. Kikipita chini ya ufito, mkono unageuka kuwa kulabu, na mguu wa kusimamia utaitegemea kulabu hiyo bila wewe kujua. Darasani kwetu alikuwapo dereva wa lori mstaafu, mzee wa miaka 61, aliyekuwa akiukamata ufito kama usukani kwenye mteremko wa Mai Mahiu. Mwalimu alichana karatasi ya daftari, akaiweka chini ya kiganja chake. "Mzee," akamwambia, "tukimaliza nitaichukua. Nikiikuta imekunjamana, tunarudia." Tulirudia mara nne, sote tisa, kwa ajili ya karatasi moja. Mara ya nne ilitoka imelowa jasho lakini imenyooka. Mzee aliikunja taratibu, akaitia mfukoni mwa shati.

Basi simama. Vua viatu kama huna vile vyepesi vya baleti, vya ngozi laini au turubai. Soksi kwenye vigae ni hatari. Chini ya kila unyayo kuna mafiga matatu: moja chini ya shina la kidole gumba, jingine chini ya shina la kidole cha mwisho, la tatu ni kisigino. Uzito ugawanyike kwa yote matatu. Chungu kikikalia mawili kinamwagika, na unyayo wa anayeanza karibu kila mara hulikimbia figa la kidole cha mwisho na kulalia ndani. Katikati ya mafiga, pale ambapo moto ungewaka, unyayo una uvungu wake. Uache uvungu huo uinuke wenyewe, vidole vikiwa virefu sakafuni bila kushika. Magoti yanyooke pasipo kusukumwa nyuma. Wapo watu ambao magoti yao hupita mstari yakapinda kwa nyuma, na hao wawe waangalifu kuliko wengine, maana mguu wao huonekana umenyooka sana kumbe umening'inia kwenye kano. Kiuno kisibinuke nyuma wala kisikunjwe mbele, mbavu za mbele zisifunguke, shingo iwe ya mtu mwenye ndoo kichwani. Hapo bado hujacheza chochote, na ukisimama hivyo dakika mbili kwa uaminifu utahisi joto nyuma ya mapaja.

Inakuja sasa habari ya kugeuza miguu nje, nami nitakawia hapa maana ndipo nilipoumia.

Baleti hutaka mapaja yageuke nje kuanzia nyongani, kiasi kwamba visigino vikigusana, vidole vya miguu vinatazama pembeni. Huo ndio mkao wa kwanza kati ya mikao mitano ya miguu. Anayesifiwa kwa kuipanga ni Pierre Beauchamp, mwalimu wa densi wa Louis wa 14. Jambo hili lina sababu ya kimwili. Mfupa wa paja una nundu upande wa nje, karibu na nyonga. Ukiinua mguu pembeni bila kuugeuza, nundu hiyo hukaribia mfupa wa nyonga na mguu hukwama mapema. Ukiugeuza, nundu hurudi nyuma na njia hufunguka.

Miezi kadhaa kabla sijafika kwenye ule ukumbi nilikuwa nikijifunza kwa video. Mcheza niliyemtazama alisimama nyayo zake zikiwa mstari mmoja ulionyooka, digrii 180, nami nikautamani mstari huo. Nikagundua njia. Nilikunja magoti, nikazigeuza nyayo hadi zikawa mstari, halafu nikanyoosha magoti huku vigae vya sebuleni vimezishika nyayo zisirudi. Kwenye kioo ilionekana baleti. Siku ya nne goti la kulia likaanza kuuma upande wa ndani, na kwa wiki tatu nilishuka ngazi za nyumbani kwa ubavu, hatua moja moja, nimeshika ukuta.

Madirisha ya mbao ya nyumba zetu za pwani hufunguka kwenye bawaba, siyo kwenye komeo. Bawaba zikikaza, nawe ukalivuta dirisha kwa komeo kwa nguvu zako zote, kitakachopasuka ni ubao wa katikati. Nyonga ndiyo bawaba, unyayo ndio komeo, na goti ni ule ubao. Nyonga ya mtu mzima kwa kawaida hugeuka nje digrii 45 hivi, ya mwingine zaidi, ya mwingine pungufu, kwa jinsi mifupa ilivyoumbwa, na hakuna zoezi linalobadili umbo la mfupa wa mtu aliyekwisha kukua. Nyonga mbili za namna hiyo hukupa herufi V yenye digrii 90. Hiyo ni baleti halali kabisa. Anayekwambia uongeze kwa kusukuma nyayo hakutakii mema, hata kama ni kioo chako.

Njia ya kuujua mkao wako wa kwanza ni hii. Simama miguu sambamba, visigino vikigusana, umeshika ufito au kiti kwa mikono miwili. Peleka uzito visiginoni, inua sehemu ya mbele ya nyayo sakafuni, kisha geuza mapaja nje kwa nguvu ya nyonga peke yake. Yanapokoma, koma. Shusha nyayo. Pale ziliposhukia ndipo mkao wako ulipo leo, na mwezi ujao huenda ukasogea kidogo, si kwa sababu mifupa imebadilika, bali kwa kuwa misuli imejifunza kutumia nafasi iliyokuwapo.

Misuli yenyewe iko ndani, chini ya ule msuli mkubwa wa makalio. Ni sita, midogo, na kazi yake ni kuuzungusha nje mfupa wa paja. Kwenye mguu wa kazi ni rahisi kuihisi, kwa kuwa mguu unakwenda. Kwenye mguu wa kusimamia inatakiwa ifanye kazi pasipo kitu kuonekana kikitembea, ikiuzuia mguu usijirudishe ndani kila mwenzake anapoondoka. Hiyo ndiyo iliyokuwa imelala siku ile, na ndiyo maana mwalimu alishika kisigino changu: kisigino kikirudi nyuma hata kwa upana wa kidole, yeye anajua kwamba juu, nyongani, watu wameacha zamu.

Zoezi la kwanza ni plie, neno lenye maana ya kukunjwa. Visigino vikiwa chini, magoti hukunjika kuelekea kule vinakotazama vidole, kila goti juu ya kidole chake cha pili, kisha hunyooka. Hesabu nne za kushuka, nne za kupanda, muziki wa polepole. Ni zoezi la kitoto kulitazama, na wanaocheza kwenye majukwaa makubwa duniani huanza nalo kila asubuhi mpaka siku wanayostaafu, kwa kuwa kila mruko huanzia ndani ya plie na kuishia ndani yake.

Kosa la wengi ni kushuka kama mtu anayekaa kwenye kigoda: makalio yanatoka nyuma, kifua kinaanguka mbele, na mwisho wa safari kuna kituo, mtu anapumzika. Plie haina kituo. Unaposhuka, kichwa kiendelee kudai urefu uleule, na pale kano ya kisigino inapokataa kuendelea, papo hapo anza kupanda. Kwa watu wazima, hasa waliovaa viatu vya visigino virefu kwa miaka, kano hiyo ni fupi, na plie yao itakuwa ndogo. Iwe ndogo. Yangu mwaka wa kwanza haikuzidi kina cha mtu aliyeanza kupiga goti akaghairi, lakini mafiga yalikuwa yametulia, na nilihisi sakafu kwa namna ambayo sikuwahi kuihisi. Plie kubwa, ile ya kwenda chini kabisa, iache kwanza. Katika mikao mingi huinua visigino, isipokuwa mkao wa pili, ambapo miguu imetengana na visigino hubaki chini, na kwa goti ambalo halijafundishwa ni mzigo mkubwa.

Baada ya plie huja zoezi ninalolipenda kuliko yote, nalo kwa bahati njema lina jina ambalo kwa Kiswahili tunalijua kwa maana nyingine: tandu. Kifaransa kinamaanisha ulionyooshwa. Lakini mtazame tandu wa kwetu anavyotambaa ukutani baada ya mvua. Haruki. Kila mguu unagusa kwa zamu yake, wimbi linatoka upande mmoja wa mwili hadi mwingine, na hakuna kipande cha mwili kinachoachwa. Unyayo wako ufanye hivyo. Kutoka mkao wa kwanza unateleza huku umekandamiza sakafu. Kisigino kinaachia kwanza, halafu uvungu, halafu mashina ya vidole, mpaka zinabaki ncha tu zinazogusa, na goti limenyooka muda wote. Kurudi ni safari ileile kinyumenyume: vidole vinalala, mashina yanashuka, kisigino kinafika mwisho. Mbele, pembeni, nyuma, pembeni. Wanaoanza huona haraka kwenda na kusahau kurudi; unyayo hunyakuliwa nyumbani kwa pigo moja, na nusu ya zoezi imepotea.

Na mtihani uko hapa. Mguu wa kazi ukiwa umefika mwisho, ncha zake sakafuni, simama hapo na uziinue ncha hizo upana wa kidole kimoja tu. Mwili wako ukitikisika, ukaanguka upande wa mguu wa kazi au kuuvuta ufito, maana yake uzito ulikuwa umegawanywa kwa siri kati ya miguu miwili. Ncha za mguu wa kazi hazibebi chochote. Uzito wote, gramu zote, uko juu ya mafiga matatu ya mguu mwingine. Kabla mguu wa kazi haujaondoka, hamia. Uhamie juu zaidi kuliko pembeni, kwa kuuinua upande wa kusimamia usizame nyongani. George Balanchine, aliyezaliwa St. Petersburg mwaka 1904 na kujenga baleti ya New York, alijulikana kwa kuwapa wacheza wake tandu nyingi mno, kwa kasi ya kutisha. Walikuwa watu waliokwisha kuujua mguu wa kusimamia. Wewe na mimi tuhesabu polepole, nne kwenda na nne kurudi, na tusione haya.

Yaliyobaki yanakuja haraka kwa aliyeelewa tandu. Degaje ni tandu iliyotoka sakafuni kidogo, na mguu wa kusimamia unagundua kwamba ulikuwa umedanganya. Katika rondijambe mguu wa kazi huchora nusu duara kutoka mbele kupitia pembeni hadi nyuma. Fupanyonga lote litatamani kuufuata, na mguu wa kusimamia ndio unaosema hapana. Katika frape unyayo hupiga nje kwa ukali, huku upande wa pili ukitakiwa uwe kimya kama hausikii kelele. Gran batima ni mguu unaorushwa juu, na hapo watu wazima huanza kuhesabu mita. Afadhali uishie usawa wa goti, goti la kusimamia likiwa limenyooka, kuliko kufika kifuani huku jengo zima limepinda.

Fondu ni tofauti, na nataka niitaje peke yake. Jina lake ni kuyeyuka, na ndilo zoezi ambamo mguu wa kusimamia hatimaye nao unakunjika: miguu yote miwili inakunjwa pamoja, kisha inanyooka pamoja, ikifika mwisho kwa wakati mmoja kama watu wawili wanaoshusha jeneza. Mara ya kwanza nilipoifanya kwa usahihi, paja la kushoto lilitetemeka mbele ya watu wote. Mwalimu alisimama, akalitazama likitetemeka, akasema kwa upole, "Limeamka."

Sakafu nayo ina maneno yake. Katika Jumba la Makumbusho la Metropolitan jijini New York kuna mchoro wa Edgar Degas wa mwaka 1877. Wasichana wawili wanajinyoosha kwenye ufito, na upande wa pili, peke yake sakafuni, lipo kopo la kumwagilia maua. Mpini wake na mdomo wake vinalifuata umbo la msichana mmojawapo, na wahakiki wamelisema sana hilo. Mimi nililipenda kopo kwa sababu nyingine. Lilikuwa kifaa cha darasa: mbao za sakafu zilinyunyiziwa maji kabla ya mazoezi ili vumbi litulie. Mtoto yeyote aliyesoma kwenye darasa la sakafu ya udongo, akapangiwa zamu ya kufagia, anaijua kazi hiyo na anaijua harufu yake. Kibera, ambako Mike Wamaya aliwafundisha watoto baleti, darasa la kawaida la shule liligeuzwa ukumbi kwa kutoa madawati nje, na mwaka 2017 kazi hiyo ilimfikisha kati ya walimu 10 wa fainali ya tuzo ya kimataifa ya walimu. Ninapowaona wacheza wadogo wa Kibera kwenye picha, siangalii mikono yao iliyoinuliwa, ingawa inapendeza. Natazama chini, penye unyayo unaobeba, na mara nyingi nakuta mafiga yametulia.

Kwa hiyo usingoje ukumbi. Sementi, vigae au mbao vinafaa kwa mazoezi ya ufito, mradi usirukeruke juu yake. Kuruka ni kazi ya sakafu ya mbao iliyojengwa kwa kunesa, na goti halisamehe sementi. Ondoa mkeka, utateleza. Ondoa zulia, maana hushika unyayo wakati nyonga inageuka, na kinachosokotwa ni goti. Magodoro ya povu yanayounganishwa kama fumbo hayafai pia, kwa kuwa mguu wa kusimamia huzama na kukosa habari. Tafuta kiti kizito, ukigeuze mgongo wake ukuelekee, au ukingo wa meza ya jikoni. Miezi ya kwanza kiwe mbele yako, ukishike kwa mikono miwili. Watoto wanaoingia shule ya Vaganova ya St. Petersburg, iliyoanzishwa mwaka 1738, hujifunza mazoezi yao ya mwanzo wakiuelekea ufito hivyohivyo, kabla ya kusimama kwa ubavu na mkono mmoja. Agrippina Vaganova, ambaye shule imepewa jina lake na ambaye kitabu chake cha misingi kilitoka mwaka 1934, hakuwa na haraka na wadogo, na hakuna sababu ya sisi wakubwa kuwa nayo. Dakika 20, mara tatu kwa wiki, plie na tandu peke yake. Kama kuna kioo, kitazame unapomaliza, si unapofanya. Kinachotafutwa kiko chini ya ngozi.

Mwisho wa kila zoezi mwalimu wetu hutuinua kwenye mashina ya vidole, jambo linaloitwa releve, kisha hupunguza sauti ya muziki kidogo na kusema, "Mikono." Tunaiondoa kwenye ufito. Mcheza baleti Marie Taglioni, kabla ya kupanda jukwaani kwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1822, alifanyishwa na baba yake mazoezi ya saa sita kwa siku, na kila mkao aliushika akihesabu hadi 100. Sisi tunahesabu hadi nane. Katika nane hizo kila mtu hujua ukweli wake. Mkono ulioacha ufito bila mwili kushtuka ulikuwa umeweka karatasi yake nyororo tangu mwanzo. Ulioacha na mwili ukaanguka ulikuwa umeshika usukani.

Na ukishauweka mguu chini, kazi imefika nusu. Kila zoezi hufanywa pande mbili, na kugeuka kuna adabu yake: geuka kwa kuuelekea ufito, usiupe mgongo. Sasa mkono wa kulia uko juu ya mti. Mguu wa kushoto, uliobeba kila kitu tangu plie ya kwanza, umechoka na una joto, na unatakiwa utoke kwenda mbele mwepesi kama haujafanya kitu. Wa kulia, uliokuwa ukitazamwa na wote, unapokea mafiga yake matatu. Mzee wa lori, aliye mbele yangu kwenye mstari, anapapasa sakafu kwa kisigino mpaka anapata mahali pake, anaweka vidole vyake vinne na gumba juu ya ufito, anashusha pumzi. Mwalimu anapita nyuma yetu akitazama chini. Muziki unaanza tena.